Fatumah Amekataa Kushuka

Koboko,
Jumamosi, Februari 1978

Kwa Dada yangu Hajara,

Assalaam aleikum. Kwanza nipe habari za magoti yako, maana najua joto la kiangazi huyatesa kuliko masika. Ile dawa ya kuchua niliyokuletea imekusaidia, au umempa jirani kama ulivyofanya na ile ya mwanzo? Sisi huku ni wazima, ila jua linatukaanga. Visima vya karibu vimekauka, maji tunayafuata mbali. Mzee Zubeiri bado yupo hapa kwangu, anakula vizuri, analala vizuri, na anakusalimu. Nilipomwambia nakuandikia alisema nisisahau kukueleza kwamba pikapu yake imekunywa petroli nyingi kwa ajili ya binti yako.

Barua hii anakuletea Camille, yule Mkongo anayeuza vitenge. Anashuka Arua leo na kurudi Koboko Jumanne, Mungu akipenda. Ni mtu mwema na barua za watu hazifungui. Yeye hajui lolote, nawe usimwambie lolote.

Dada, ulitutuma tukamwone kijana Wani mahali anapofanya kazi, kama desturi yetu inavyotaka kabla binti hajatolewa. Wewe miguu ilikuzuia. Ukamchagua Mzee Zubeiri asimame kwa upande wa marehemu mume wako, ambaye ni ndugu yake, na mimi mdogo wako nisimame kwa upande wako. Fatumah naye akang'ang'ania kuja. Binti kufuatana na wazee wanaokwenda kumchunguza mchumba si adabu, lakini ulimruhusu, kwa kuwa Fatumah hujawahi kumnyima kitu. Basi tumekwenda, tumeona. Kaa chini nikusimulie.

Unakumbuka mambo uliyoyasema kwenye arusi ya kina Sulaiti. Ngoma ya doluka ilikuwa bado haijapoa, na wewe katikati ya wanawake unasema mkwe wako ni mtu wa ndege, asubuhi yuko Entebbe, mchana anakula Nairobi, na usiku akitaka anaweza kulala Khartoum. Nilikuwa nimekaa nyuma yako, nasikia yote. Wanawake wa Arua wakaanza kukupisha njia kama mke wa kanali. Na mimi nikajivuna pia, siwezi kukataa. Huku Koboko nilimwambia kila mtu kwamba dada yangu anaozesha kwa rubani.

Sasa sikiliza rubani wako anaishi wapi. Ukitoka Koboko unafuata njia ya vumbi mpaka uwanja wa zamani wa ndege ambao hakuna anayeutumia tena. Hapo kuna ndege tatu kubwa za abiria zimesimama juani. Zimestaafu. Mzee Zubeiri alieleza njiani jinsi zilivyofika. Anasema Wazungu ndege zao zikichoka huzipeleka jangwani, kwa sababu pakavu chuma hakiozi. Wakubwa wetu Kampala wakasikia, nao wakataka jangwa. Wakaulizana jangwa letu liko wapi, na mmoja ambaye hajawahi kuvuka Nile akasema liko Koboko. Basi zikaletwa. Jangwa gani hili lenye mihogo na mvua ya kubomoa nyumba? Masika yaliyopita nyasi zilifika kwenye mabawa. Injini zimeng'olewa, matairi yamekaa chini, na ndege wa kweli wamejenga viota mahali injini zilipokuwa.

Wani ndiye mlinzi wa ndege hizo. Mlinzi, Dada! Anakaa katika kibanda cha mabati chini ya mkia wa ndege ya kwanza, na mtungi wake wa maji na jiko la mkaa. Tena anachechemea. Aliteleza akiwa juu ya bawa anafagia mavi ya ndege, akaanguka, mguu wa kulia haujapona sawasawa. Wewe ulisema ana mwendo wa kiaskari. Mwendo wa kiaskari ni huo: anaburuta.

Kijana alitupokea kwa heshima, hilo silifichi. Alimpigia magoti Mzee Zubeiri licha ya mguu wake mbovu, akatupa chai. Nilimuuliza mbele ya watu wote kama yeye anarusha ndege hizi. Akajibu kwa Kiswahili chake cha Koboko, “Hapana, mama. Mimi iko kulinda tu. Hii ndege yote iko kufa.” Nikamuuliza kwa nini basi alitudanganya. Kabla hajafungua mdomo, Fatumah akadakia kwamba Wani hajamdanganya mtu, toka siku ya kwanza alisema kazi yake ni ulinzi, na urubani ni wewe, mama yake, uliyeutunga. Debe tupu haliachi kuvuma, Dada yangu, na debe lenyewe nilikuwa nimelifahamu tangu utoto.

Ningeweza kuondoka wakati ule. Posa imevunjika, tupande pikapu, basi. Lakini aibu ilikuwa inaniwasha mwili mzima, nikataka na mwingine aionje. Nikasema tumetoka mbali, tuonyeshwe ndani. Wani akaenda kuisukuma ngazi, ile ya chuma yenye magurudumu ambayo abiria hupandia. Aliileta peke yake, kwa mkono mmoja, jinsi alivyoitia grisi vizuri. Tukapanda. Mlango uko juu kuliko paa la msikiti wetu mdogo, na chini yake ni saruji tupu.

Ndani ni joto la tanuri. Viti vipo safu kwa safu, vumbi limejaa, mikanda bado imo. Katika mfuko wa kiti nilikuta karatasi ngumu yenye picha za watu wanateleza kutoka mlangoni kwa mfuko wa upepo, wanawake wamevua viatu, wote wametulia kama wanakwenda sokoni. Nilimuuliza Wani mfuko huo uko wapi. Akasema askari waliukata zamani wakashonea makoti ya mvua.

Nikamwamuru akae kwenye kiti cha rubani. Akasita, akamtazama Mzee, Mzee akaitikia kwa kichwa kwamba akae. Akakaa. Mbele yake hapakuwa na usukani, nyaya tu zimening'inia. Nikasimama nyuma yake nikasema, haya rubani, tupeleke Khartoum, wakwe zako tuna haraka. Mzee Zubeiri alicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia washa basi, au petroli imekwisha? Nikamwambia unguruma kwa mdomo tusikie. Na yeye, Dada, kwa kuwa ni mkwe na sisi ni wazee, aliunguruma. Jasho linamtiririka, macho yako mbele, anaunguruma. Mtu mpole hunichokoza kuliko mkorofi, sijui kwa nini. Nilimwambia aongeze sauti.

Fatumah hakucheka. Alipita katikati yetu, akavua mtandio wake, akamfuta kijana uso mbele ya baba yake mkubwa. Nikamwambia hana haya. Ndipo akaniambia maneno ambayo sitayasahau mpaka kaburini. Alisema, “Mama mdogo, wewe wanaume watatu walikuoa, na wote watatu walikurudisha. Mimi nimempata mmoja, na huyu simwachi.” Akasema hivyo kwa upole, kama anamwonya mtoto. Kisha akaenda akakaa kwenye kiti cha kwanza karibu na mlango, akajifunga mkanda.

Niliumia, Hajara. Wewe ndiwe uliyemwambia habari za waume zangu, maana nani mwingine angemwambia? Mzee akamwamuru ashuke. Akakataa. Mzee akamtishia kwa jina la marehemu baba yake. Akakataa. Hata Wani mwenyewe alimsihi, akasema nenda na wazee, mimi nitakuja Arua kuomba kwa adabu. Akamjibu kwamba akishuka leo hatarudi, ataozeshwa kwa mzee mwenye lori kabla mwezi haujaisha. Nadhani hapo alisema kweli, kwa maana mimi na wewe tulikuwa tumeshazungumza.

Tukashuka, mimi na Mzee, tukawaacha humo wawili. Tulipofika chini nilimwambia Mzee tuisogeze ngazi kidogo, wapate hofu, atajirudi. Ulikuwa mzaha. Tukaisukuma. Ile grisi, Dada, ngazi ilitutoka mikononi kama mbuzi aliyekata kamba, ikateremka peke yake mpaka mwisho wa saruji, ikapinduka ndani ya mtaro. Gurudumu moja lilipasuka. Tulijaribu kuinyanyua, mzee wa miaka hiyo na mwanamke mmoja, haikutikisika.

Fatumah akatokea mlangoni kuona kelele ni ya nini. Aliitazama ngazi, akatutazama sisi, akacheka. Alidhani tunatania, na kwamba hasira zetu zimekwisha. Alicheka vile anavyocheka nyumbani akishika kuku. Mimi sikuweza kucheka naye. Nilipanda pikapu, nikamwambia Mzee awashe.

Tulipokuwa tunaondoka Wani alipiga kelele kwamba maji yote yako chini kibandani. Mimi nilisikia. Mzee anasema yeye hakusikia, na sitaki kumbishia mtu wa umri wake.

Hiyo ilikuwa Alhamisi asubuhi. Nilisema moyoni jioni watakuwa wameshashuka. Kijana wa umri ule hawezi kukosa njia, ataning'inia aruke. Kisha nikakumbuka mguu wake, na ile saruji. Nikasema basi Fatumah ataruka, tulipokuwa wadogo si tuliruka kutoka miembe ya Ombaci bila kuumia? Jana nilimwomba Mzee tukaangalie. Akasema mtoto asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Ijumaa si siku ya kufukuzana na wahuni. Akaenda msikitini, akarudi, akala, akalala. Nami nikapika.

Leo alfajiri amekuja Ezati, yule Mlugbara anayenichomea mkaa. Tanuri lake liko upande ule. Ananiambia, “Mama, kule kwa ndege iko watu ndani. Wanagonga.” Anasema juzi walikuwa wanapiga chuma na kuita, na jana waliita kidogo. Usiku wa kuamkia leo ilikuwa kugonga tu, mara moja, halafu kimya kirefu, halafu mara moja tena. Aliona kitambaa kinapepea mlangoni. Nilimuuliza kwa nini hakwenda kuona. Akanitazama kama mimi ni mgeni katika nchi hii. Alisema pale ni mahali pa serikali, na mtu akisikia kilio kinatoka mahali pa serikali, kama ana watoto, anapita upande wa pili. Anadhani ni wafungwa. Anadhani jeshi limepata jela mpya.

Dada, ningefungua mdomo. Neno moja tu, hawa si wafungwa, huyu ni mtoto wetu, chukua ngazi ya padri wa misheni ukawashushe. Ezati angekimbia, ana moyo mwema. Sikusema. Nilimwambia amefanya vyema kupita mbali, asimwambie mtu, nikampa sukari na majani ya chai akaenda zake. Sijui ni kwa nini. Nilifikiri askari wataniuliza nani aliyevunja ngazi ya serikali. Nilifikiri Fatumah atakavyosimulia Arua nzima kuhusu kuunguruma kule. Na nilifikiri waume zangu watatu, kila mmoja kwa jina lake.

Lakini lawama isije kwangu peke yangu. Asubuhi ile tulipoondoka Arua ulinivuta kando ya pikapu, ukaniambia kwamba kijana akiwa mwongo posa ivunjwe, na Fatumah akikaidi nimwache huko huko, wewe huna binti. Ulisema hivyo kwa kinywa chako. Mimi ni mdogo wako, nimezoea kutii. Mama ni wewe. Siwezi kumshusha mtoto wa mtu bila idhini ya mamaye.

Kwa hiyo nakuuliza, nawe unijibu kwa mkono wa Camille atakaporudi Jumanne: nimpelekee ngazi, au hasira yako bado haijaisha?

Nisalimie majirani wote, na wale wanawake wa arusi wakikuuliza, waambie tulipokelewa vizuri. Usiache kuchua magoti asubuhi na jioni. Mungu akupe afya na akulindie nyumba yako pamoja na wote unaowapenda.

Ni mimi, mdogo wako anayekutii,

Kaltumu