Maua na Kamanda wa Veranda Yetu

Jumatatu, 6 Juni 2005

Sketi tatu za shule zimekwisha. Zipu moja nimeitia kinyume, nikaifumua. Mvua tangu saa nane. Saa kumi na mbili jioni tulifunika mashine, mafundi wote saba, tukavuka barabara hadi hotelini kwa Mama Shiro kutazama kile kipindi cha Wameksiko. Majina yao yanatushinda, kwa hivyo tumewabatiza wenyewe. Dada mkubwa ni Kamanda: suruali, farasi, bastola, makofi kwa wanaume. Mdogo ni Maua, kwa sababu ya maua ya kichwani. Kamanda akitokea watu wanapiga meza. Maua akitokea ndio wakati wa kuagiza chai.

Leo Maua amemwogesha baba yao mgonjwa, akamlisha, akaanza kumnyoa ndevu taratibu sana. Fundi mwenzangu Rhoda akasema huyu hana kazi ila kulia na kujipodoa. Wote wakacheka. Nilitaka kuona kule kunyoa mpaka mwisho. Sikuona, walikuwa wamesimama wakiita mandazi.

Jumatano, 8 Juni

Rhoda amekuja kwangu wenzetu walipoenda kula. Mashine yake iko kando ya yangu, mwaka wa nne sasa. Anataka gauni la Maua, lile la kijani lenye mikono ya puto na marinda kiunoni. La kuvaa kijijini Chwele, kwa posa ya binamu yake. Kushona anajua. Kukata nguo aliyoiona kwenye televisheni tu, hawezi. Mimi naweza. Akaniomba nisimwambie mtu.

Ni wa tatu kuniomba nguo ya Maua tangu Aprili. Jioni wanamzomea, mchana wananiletea kitambaa. Nimekubali. Mimi hukubali kila kitu.

Jumatatu, 13 Juni

Barua. Mwenye nyumba anataka veranda hii ya duka tunaposhonea hapa Kitale iwe tupu mwisho wa mwezi, atawapangisha watu wa kuuza simu. Nina miaka kumi na mmoja hapo, kuliko wote. Watoto wangu wawili wanasoma kwa mashine hii. Baba yao alishajiendea zake. Sijala.

Jumanne, 14 Juni

Mkutano. Mtu mmoja aende Bungoma kuongea na mzee mwenye nyumba, maana ndiko anakokaa tangu astaafu. Nilisema niende mimi. Mkewe, Mama Wekesa, namfahamu. Nilimshonea binti yao nguo za harusi na nikalala kwao siku mbili. Kisha Agneta, anayeshona sare mwisho wa veranda:

"Aii, Nelima, si wewe ni Maua tu, bana. Ukifika huko utaanza kulia."

Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Wakamchagua Rhoda. Wanataka Kamanda, wakasema.

Nilifanya kile kile walichosema ningefanya: nilirudi kwenye mashine macho yamejaa. Nawachukia. Leo najichukia mimi pia. Napaka rangi ya mdomo kila siku ya kazi, napenda lesi, naongea polepole. Tangu lini hayo yakawa upumbavu?

Jumamosi, 18 Juni

Rhoda aliondoka alfajiri na jinzi na koti la kaka yake. Amerudi jioni kifua mbele. Alimkuta mzee na wageni sebuleni, hakungoja. Alimwambia mbele yao kwamba ni mnyang'anyi, akapiga meza, chai ikamwagika. Ametusimulia mara tatu. Tulimpigia makofi. Hata mimi nilipiga.

Nikamuuliza mzee alijibu nini. Akasema mzee hakuwa na la kusema.

Jumanne, 21 Juni

Mzee alikuwa nalo la kusema. Amempigia simu mwenye duka tunalokaa mbele yake: tutoke Ijumaa hii, tusingoje mwisho wa mwezi. Siku tatu. Rhoda anasema tutafute wakili. Wakili yupi.

Jumatano, 22 Juni

Nimeenda Bungoma. Sikumuaga mtu. Nilivaa gauni langu la zambarau, lile la lesi, nikapaka rangi ya mdomo kama kawaida.

Mama Wekesa alinipokea mlangoni. "Mulembe," akanisalimu kwa lugha ya kwetu, akanishika mikono yote miwili. Tulimenya ndizi pamoja jikoni na hapo ndipo nikajua. Wale wageni wa Jumamosi walikuwa waombolezaji. Dada ya mzee alikuwa amezikwa juzi yake. Rhoda alipiga meza ya watu wenye msiba. Hakuuliza, na sisi hatukumuuliza.

Mzee alipokuja nilimpa pole kwanza. Akanieleza habari za dada yake, karibu saa nzima, nikasikiliza. Kisha nikaongea yangu. Veranda awape watu wa simu, nikasema, sisi atuachie ule ua wa nyuma ya duka uliojaa makreti matupu ya soda. Nilikuwa nimeupima jana kwa futi yangu ya kitambaa. Nikamwonyesha mchoro, mashine saba, kila moja na mahali pake. Nilipotaja watoto wangu nililia. Haikuwa hila. Nililia na sikuacha kuongea.

Alikaa na ile karatasi mkononi.

"Chukueni huo ua," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kutoka Kitale kunipa pole."

Njiani kurudi nilitabasamu peke yangu kama mjinga.

Alhamisi, 23 Juni

Niliwaambia. Nilisimama, nikaeleza yote: nilikoenda, msiba, mchoro, neno la mzee. Wakashangilia. Kisha Agneta:

"Mnaona? Rhoda alimtetemesha huyo mzee. Nelima kufika, ati ameshalegea."

Basi ikawa hivyo. Wakamkumbatia Rhoda, wakamwimbia. Mimi nikaambiwa asante kwa kuleta habari. Nikawakumbusha kwamba baada ya Rhoda kumtetemesha, mzee alitupatia siku tatu tu. Hakuna aliyesikia, nyimbo zilikuwa zimeanza. Nilimtazama Rhoda. Yeye anajua. Aliangalia chini kidogo, halafu akawapungia mkono.

Gauni lake la kijani liko kwenye mfuko wangu, limebaki pindo tu. Ningelitundika hapo mbele yao wote. Nililishika kabisa. Nikalirudisha. Aibu yake ya kutaka kupendeza ni ile ile wanayotaka kunivisha mimi, na sitaki kumvisha mtu.

Lakini nina uchungu. Nimekata bega la gauni la mteja vibaya. Hawakuona kazi ya Maua kwa Mama Shiro na hawaoni yangu hapa mbele ya macho yao. Jambo likifanywa na mwanamke wa lesi kwa sauti ya chini, kwao halijafanyika. Jioni walivuka kwenda kutazama kipindi. Nilibaki.

Ijumaa, 24 Juni

Tumehama. Mvua imetuonea huruma mpaka saa tisa. Ua ni mdogo na unanuka soda iliyooza. Mwanga mzuri uko mahali pamoja tu, kando ya lango. Walikuwa wameshapanga kwamba hapo atakaa Rhoda.

Nilifika kabla yao, nikaweka mashine yangu. Rhoda akaja na Agneta wamebeba yake, wakasimama, wakangoja nihame. Nikawaambia hapa nilipapima mimi na hapa ndipo nitakapokaa. Sikupaza sauti. Agneta akafungua mdomo, Rhoda akamwambia twende. Wakaiweka ukutani, karibu na makreti.

Nilitia uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza, bila kukunja macho, nikaanza lesi ya gauni la ubatizo.