Gome la Upande Mmoja

Mpendwa Shangazi Namalwa,

Naomba unisikize mpaka mwisho, na ukichoka katikati pumzika kisha uendelee, kwa maana jambo hili nimelibeba miaka mitatu na sasa nimebakiwa na wiki tatu tu. Mimi ni mama wa watoto wanne, fundi wa nguo hapa Kitengela, na nilikuwa na marafiki wawili ambao pamoja nami watu walituita "wamama wa miche". Mmoja ni Keziah, nesi, mwenye pikapu ya Peugeot, na mwingine ni Fartun, ambaye yeye na mume wake Keynan wana duka la vitambaa na mchele. Kila likizo ya shule tulikuwa tunaacha watoto kwa nyanya zao, tunaingia watatu mbele kwenye pikapu, tunafuata barabara ya Namanga, na popote tulipoona kitalu cha miche tunasimama, hata kama ni kibanda cha matawi na mikebe kumi ya maua. Keziah alitafuta waridi, Fartun alitafuta rehani na nanaa ya chai, na mimi nilitafuta chochote kilichosemekana kinatibu, mchaichai, rosemari, mwarobaini, shubiri, na nilikuwa na kisu changu kidogo cha kukatia vipande vya kupanda, ambacho nilikipenda sana, na vile vipande tulivifunga kwa gazeti lililoloweshwa maji, mara nyingi gazeti lako, samahani kwa kusema hivyo. Shangazi, sijawahi kucheka maishani kama nilivyocheka kwenye ile pikapu.

Fartun ndiye aliyetupeleka kwa Koko Noonkuta. Huyu ni mjane wa Kimaasai, Koko ni nyanya kwa lugha yao, na boma lake liko ukipita Kajiado kabla hujafika Bissil, ndani kidogo ya barabara. Marehemu mama yake Fartun, Mama Halimo, alinunua mbuzi kwa familia hiyo tangu Fartun akiwa mtoto wa kubebwa, na hao wamama wawili wakawa marafiki, huyu anamtumia mwenzake kitambaa siku ya Idi, huyu anamtumia mwenzake dawa ya miguu, kwa hiyo Fartun alimwita Koko "Yeyo", yaani mama. Nyuma ya nyumba Koko alikuwa na bustani ya dawa iliyozungushiwa miiba, na katikati kulikuwa na osokonoi, ule mti ambao gome lake ni kali kama pilipili na watu hulichemsha kwa ajili ya kifua. Huko hauoti wenyewe kwa sababu ya ukavu. Mume wake aliuleta kutoka msitu wa Loita ukiwa mche kwenye mkebe wa maziwa, na tangu afariki Koko aliumwagilia kwa maji yaliyoletwa na punda, jerikeni moja kila siku, miaka zaidi ya ishirini, mpaka ukaipita nyumba kwa urefu.

Alikuwa na sheria zake. Gome linakatwa upande jua linakotoka pekee, kipande cha ukubwa wa kiganja, kisha unapaka udongo na mavi ya ng'ombe, unafunika na gunia ili mbuzi wasigugune, na hukati tena mpaka kidonda kipone. Alitueleza kwa Kiswahili kabisa. "Ukizungusha kisu, umeua," alisema. Nilisikia, Shangazi. Siwezi kusema sikusikia.

Agosti ya 1999 mume wangu Githongo alikuwa anakohoa tangu Pasaka, na hospitali hataki kusikia, na mimi nilikuwa naogopa kuamka nimkute amenyamaza. Koko akanikatia kipande changu kama kawaida, akasema nirudi kikiisha. Nikawaza, nitarudi lini, petroli ni ya Keziah, likizo ni Desemba, na kipande chenyewe ni kama cha kumpa mtoto. Wenzangu walipoingia ndani kwa chai nikasema ninakata rosemari kwanza. Nikafungua gunia. Nilianza upande ule ule wa Koko, nikasema nitaongeza kidogo tu, halafu kidogo tena, gome lilikuwa linatoka vizuri kwa sababu mti ulikuwa na maji, na sijui nilifika saa ngapi upande wa pili, ila najua nilizunguka wote, kutoka kiunoni mpaka magotini. Nikapaka udongo, nikarudisha gunia, nikafunga na kamba ile ile, nikaweka magome ndani ya beseni langu la miche na nanaa juu yake, nikaingia kunywa chai. Koko akaniongezea maziwa.

Desemba tulirudi. Tuliingia tukimsalimu "Takwenya" na Koko hakuitikia. Mti ulikuwa umesimama bila jani hata moja, gunia liko chini, na shina limekauka kote kama mfupa. Wanawe wawili walikuwa wamesimama pale. Koko akamwangalia Fartun peke yake, akamuuliza, "Nani alizungusha kisu?"

Fartun akageuka akamwangalia Keziah, kisha akaniangalia mimi. Mimi niliangalia viatu vyangu. Kisha nikamsikia anasema, "Yeyo, hawa ni wageni wangu. Mimi ndio niliwaleta hapa, kwa hivyo ni mimi."

"Basi wewe usirudi," Koko akasema. "Na mama yako umwambie asitume mtu."

Tukarudi Kitengela, na tulipofika Isinya Keziah akasema tu kwamba klachi inasumbua. Tangu siku hiyo klachi haijapona, na hatujawahi kwenda tena kutafuta miche. Mama Halimo alifariki mwaka jana na Koko hakuja, wala hakuna mtu wa boma lile aliyekuja, na nilimwona Fartun msibani akiinua macho kila lango lilipofunguliwa.

Na yale magome, Shangazi, hayakunifaa. Githongo alikunywa akaendelea kukohoa, mpaka Februari ndipo akakubali hospitali, wakamkuta na TB, akameza dawa miezi minane akapona. Magome yaliyobaki yalishika ukungu kwenye mkebe, nikayatupa shimoni pamoja na takataka. Wakati huo wa ugonjwa Fartun alikuja kutuona mara nyingi kuliko hata ndugu zangu, siku moja akaniletea kifungu kidogo cha osokonoi alichonunua Namanga, akakiweka mkononi mwangu akasema, "Shika, Mugure. Hii imekatwa upande mmoja, mti wake uko hai." Ana moyo wa namna hiyo, hata dawa anakusifia ndio uinywe bila wasiwasi. Hajui kabisa ni mimi. Angejua asingekanyaga kwangu.

Sasa wanahamia Garissa mwisho wa mwezi huu, baba yake Keynan amezeeka na duka wameshaliuza. Nikimwambia nitamharibia safari, nisipomwambia ataenda na lawama yangu mpaka Garissa. Kuna siku nimefika mlangoni kwake mara mbili nikaishia kuuliza bei ya mchele. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, uichapishe barua hii na majina yetu yote kama yalivyo, kwa sababu Keynan husoma gazeti lako kila Jumapili pale dukani, ataona, atamwambia, na mimi nitakuwa nimesema. Je, nikifanya hivyo nitakuwa nimekosea?

Mugure,
Kitengela, Oktoba 2002

*

Mugure,

Barua yako nimeitoa katikati ya rundo nikaiweka mbele, kwa hiyo kuna watu wanaolala na matatizo yao leo kwa ajili yako. Usinifanye nijute.

Tuanze na ombi lako. Majina nimeyabadilisha yote, ya watu na ya mahali, hata biashara zenu, na hilo Mugure si lako, kwa hiyo Keynan anaweza kusoma ukurasa huu kutoka juu mpaka chini akaugeuza akafungia sukari. Ulitaka gazeti likuungamie. Ulitaka mwanamke aliyekusitiri mbele ya watu asomewe habari zake na mume wake, dukani, wateja wakisubiri mchele, huku wewe umejifungia nyumbani na cherehani. Hivyo ndivyo ulivyofanya siku ile ya chai: kazi yako uliifanya mgongoni mwa watu, ukaingia ukakaa pamoja nao. Sitakusaidia kuirudia.

Nakuonea huruma, usidhani sikuonei. Mwanamke aliyelala miezi akihesabu kikohozi cha mume wake namjua, nimekuwa yeye. Ungenieleza kwamba hofu ilikushika mkono, ningekuelewa kabisa kwa ule ukanda wa kwanza wa gome. Lakini hofu haifungi gunia kwa kamba ile ile, dada yangu. Hapo ulikuwa unajua.

Halafu kuna kitu umeniandikia bila kukisoma mwenyewe. Nimekirudia mara tatu, nikavua miwani, nikakisoma tena. Fartun alikuletea gome mgonjwa wako akiwa kitandani, akakutazama, akakwambia limekatwa upande mmoja na mti wake uko hai. Wewe ukadhani anasifia dawa. Mama, anayesifia dawa husema ni kali, husema ilimponya jirani. Habari za upande uliokatwa anaambiwa nani, kama si mtu aliyekata kila upande? Pale bomani mlikuwa wageni watatu na wawili walikuwa ndani wanakunywa chai na mwenye boma. Fartun anaweza kuhesabu mpaka tatu.

Anajua. Alijua siku ile ile alipokuangalia ukaangalia viatu. Akasema ni yeye, kisha akaja nyumbani kwako akakufungulia njia ya kusema, akakuwekea maneno mkononi, akangoja. Ukasema asante ukachemsha maji. Angekuwa amekuchukia asingekanyaga kwako, hapo umesema kweli, ila ulikosea kudhani ni kwa sababu hajui. Kumbuka pia kwamba alimzika mama yake bila Koko, na ungemrudishia Koko kwa sentensi moja, na uliketi kwenye mkeka wa msiba ukiwa nayo mdomoni. Mimi hilo linaniuma kuliko mti.

Kwa hiyo usiniulize kama utamharibia safari. Safari yake iliharibika miaka mitatu iliyopita. Utakwenda nyumbani kwake, si dukani, asubuhi watoto wakiwa shule. Usibebe zawadi. Usianze na kifua cha Githongo, kwa sababu ukianza hapo utajikuta unaomba huruma na yeye ataishia kukufariji wewe, anavyojulikana. Sema, "Ni mimi niliyezungusha kisu, na nilinyamaza ukalaumiwa." Kisha nyamaza kweli. Akilia, akikufokea, akikwambia alikuwa anajua, pokea. Akikufungia mlango, hiyo ni haki yake, na usiniandikie kumlalamikia.

Ukishamaliza kwake, muulize kama anakubali uende kwa Koko kulisafisha jina lake na la marehemu mama yake. Nina hakika atakubali, na huenda akataka kuja, lakini uamuzi ni wake. Mwambie Keziah klachi ipone wiki hii. Huko Bissil usiongee na Koko peke yake pembeni. Ongea wanawe wakiwepo, kwa sababu Fartun alifukuzwa mbele yao. Na nakujua, mpenda miche, umeshawaza kununua mche wa osokonoi wa kwenye karatasi ya nailoni uupeleke kama badala. Usithubutu. Ule mti uliletwa na mume wake kwenye mkebe wa maziwa na haupatikani kwenye kitalu chochote barabara ile. Labda siku nyingine, akikuruhusu kuingia kwenye ile miiba, uliza kama kuna jerikeni ya kubeba. Akikwambia usirudi, usirudi. Angalau safari hii atakuwa amemfukuza mkosaji mwenyewe.

Kile kisu kama bado unacho, kiache droo ya cherehani mpaka Koko akwambie vinginevyo.

Barua yako iliandikwa zikiwa zimebaki wiki tatu. Leo unaposoma haya zimebaki siku tisa, na watu wanaohama huwa hawakai mahali pamoja siku za mwisho, wako kwa majirani, wako stendi, wako kwa mtu wa lori. Nenda kesho. Fartun amekungoja muda mrefu na hajakudai hata neno.

Na gazeti liache nyumbani. Haya ayasikie kwa mdomo wako.

Shangazi Namalwa