Lenzi ya Baba Mkwe

Iringa, 12 Februari 2023

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama na kakao yenu. Sisi huku hatujambo, baridi tu ndiyo inatuonea. Mwanao Anyitike anakusalimu. Neema ameingia darasa la pili na tayari anamsahihisha mwalimu.

Baba, leo nina shida ya kitaalamu. Nimechoka kupiga harusi kwa kamera ya kuazima. Nataka kununua ya kwangu, hizi mpya zisizo na kioo ndani, na nataka iwe fulu fremu. Kinachonitesa ni lenzi. Moyo wangu uko kwenye milimita 85, kwa ajili ya nyuso, lakini mmoja ananiambia nianze na 50, mwingine anasema nichukue ya kuvuta. Wewe ndiye uliyenifundisha kwa barua kwamba anayeweka uso katikati kabisa ya fremu bado ni mwanafunzi, anaacha mbingu bure juu ya kichwa. Basi nifundishe na hili.

Baba Neema anasema wilaya nzima ya Kyela imepita mbele ya kamera yako. Nilicheka, maana mimi sijapita. Bado nakumbuka siku ya kwanza nilipoletwa nyumbani. Hakuna aliyenionya kwamba kwenu mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Nikaja na mkono wa salamu mbele, na nilichokiona ni kisogo chako na koti la kahawia likipotelea kwenye migomba. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Miaka tisa sasa, na nikisikia unakohoa upande wa mbele, mimi napita nyuma ya jiko. Barua zako ndizo zinazoniambia kwamba nina baba huko.

Mkamwana wako,
Prisca


Kyela, 3 Machi 2023

Mama Neema,

Marahaba mwanangu. Ndaga kwa barua na kwa majani ya chai. Sisi tupo. Mvua haitupi nafasi, mpunga unafurahi na kakao haikauki.

Umefanya vizuri kuuliza. Kwenye fulu fremu usibabaike. Anyitike alipokuja alinisomea kwenye simu yake: sensa, pale ndani picha inapodakwa, ni milimita 24 kwa 36, eneo lile lile la mkanda niliokuwa natia kwenye kamera yangu ya zamani, Zenit. Kwenye zile za sensa ndogo, lenzi ya 35 inabana, inaona kama ya hamsini na kitu. Kwenye fulu fremu 35 ni 35. Na hiyo ndiyo utakayonunua. Achana na 85.

Najua utabisha. Lakini mtu si uso peke yake. Pale studio yangu ukutani nilichorewa meli, na ziwa, na milima ya Livingstone nyuma yake. Waliokuwa wanasafiri na meli ya kweli kutoka bandari ya Itungi walikuja siku moja kabla kupigwa picha na meli ya kuchora. Walisimama na mabegi yao na magodoro yaliyokunjwa. Mama mmoja alikuja na vyungu vinne vya soko la Lyulilo, akavikumbatia vyote, anawapelekea dada zake kule kusini. Kwa 85 ningepata uso wa yule mama na vyungu vingebaki nje. Siku hizi studio ni duka la vocha, na pale Itungi pamepoa. Mimi nikifumba macho bado naviona vile vyungu, na natamani zile siku zirudi hata kwa mchana mmoja.

Wewe nina picha zako mbili tu, za harusi, alizopiga yule bwana niliyemtafuta kwa kuwa mwenyewe nisingeweza kusimama mbele yako. Moja amekukata kichwa. Nyingine umefunga mdomo kama mtu aliyekatazwa kucheka. Nimepiga watu miaka arobaini, halafu mkamwana wangu nikampa mkata vichwa. Linaniuma mpaka leo.

Usikawie. Nunua kabla ya mavuno.

Baba yako,
Ambilikile


Iringa, 20 Agosti 2023

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Habari za Mama, habari za mavuno? Mchele tumeupokea, jirani wanapita hapa kwa harufu yake. Nisamehe kwa ukimya. Mavuno yamepita na bado sijanunua. Kila nikikaribia kuamua, inatoka nyingine. Baba Neema sasa ananiita daktari wa kamera. Na 85 haijanitoka moyoni, usinikasirikie.

Jambo moja nilitaka kukusimulia. Godlove, ninayepiga naye harusi, amenishikisha ya kwake. Baba, ukiweka jicho kwenye kile kijidirisha, humwoni mtu. Kwenye Zenit yako kioo kilikuletea mtu mwenyewe, ule mwanga uliotoka usoni kwake ndio uliokuingia jichoni. Hizi mpya hazina kioo. Mle kwenye kijidirisha kuna runinga ndogo ya ukubwa wa ukucha, inakuonyesha picha ya mtu, tena inaweza kumtia mwanga hata akiwa kivulini. Nilitoa jicho nikamtazama bwana harusi mwenyewe, nikarudisha, nikatoa tena, mpaka akaniuliza kama ana kitu usoni.

Mkamwana wako,
Prisca


Kyela, 2 Septemba 2023

Mama Neema,

Marahaba. Sisi wazima, Mama tu mguu unamsumbua akitoka shamba.

Barua yako nimesomewa mara tatu. Nikaenda nayo Matema kwa dada yangu Angetile, ambaye wewe unamwogopa na mimi pia, kwa sababu mila za ukoo huu yeye ndiye anayezifunga na kuzifungua. Nikamwuliza, mkamwana na baba mkwe hawaonani, sawa, je, wakionana kwenye runinga? Akaniuliza nimekunywa nini. Nikamweleza habari ya kijidirisha. Alifikiri siku mbili, nikala samaki wake siku mbili, kisha akasema: "Gwe Ambilikile, picha zake za harusi unazo sandukuni na hakuna aliyedhurika. Kama mle ndani ni picha, basi tazama picha."

Kwa hiyo njoo na kamera yako. Unipige, maana sina picha ya maana zaidi ya ile ya kitambulisho, na pale nimetoka kama mshtakiwa. Halafu unipe nami nikupige wewe. Hilo ndilo ninalolitaka, sizunguki. Mkamwana wangu nimpige kwa mkono wangu.

Njoo kabla ya Krismasi. Na iwe 35.

Baba yako,
Ambilikile


Iringa, 14 Januari 2024

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba, na heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Najua mlitungoja Krismasi. Desemba ni mwezi wa harusi, nilipiga kila Jumamosi. Kamera ninayo sasa, ya mtumba lakini safi. Nimeagiza 85 kwa dada mmoja anayekwenda Dubai, naye hajarudi. Nilitaka nije nimekamilika. Uso ambao nimeukimbia miaka yote hii siwezi kuupiga kwa lenzi ya kubahatisha. Ikifika tu, ninakuja.

Baba, mwandiko wako una nini? Zamani ulikuwa mdogo kama wa karani. Barua ya mwisho herufi ni kubwa na mistari inapanda mlima. Na umeandika umesomewa. Ulisomewa na nani, na kwa nini?

Mkamwana wako,
Prisca


Iringa, 9 Aprili 2024

Kwa Baba,

Shikamoo Baba. Miezi mitatu hujanijibu. Baba Neema akipiga simu unamwambia uko salama, halafu unampa Mama. Kama nimekuudhi kwa ajili ya 85, niambie. Imefika. Ni lenzi nzuri na wala sijaifurahia.

Mkamwana wako,
Prisca


Kyela, 24 Aprili 2024

Mama Neema,

Marahaba. Anayeandika ni Mama, mimi nasema tu. Akiongeza ya kwake usiyasadiki.

Hukuniudhi. Ni macho. Ni presha ya macho, daktari wa Mbeya aliniambia tangu mwaka juzi. Hayaumi. Yanafunga taratibu kutoka pembeni kuja katikati, na yaliyokwenda hayarudi, matone wanayonipa ni ya kulinda yaliyobaki. Sasa naona kama mtu anayechungulia kwenye mwanzi. Nikimtazama Mama napata pua, nikitaka mdomo inabidi nishuke. Nilikataza Anyitike asiambiwe, angekuja kunihurumia, na mimi kuhurumiwa sikuwezi.

Ndiyo sababu ya 35. Ukisimama pale uwanjani, 85 itakijaza kijidirisha chote kwa uso wako, nami nitaambulia pua. Kwa 35 utakuwa mdogo, utaingia mzima kwenye mwanzi wangu. Nilitamani hivyo tangu barua ya kwanza, kabla sijajua kama mila itaruhusu. Nikajificha nyuma ya vyungu vya yule mama, ingawa vyungu navyo vilikuwa vya kweli.

Usije na huzuni. Njoo na kamera.

Baba yako,
Ambilikile

(Mimi Mama: njoo upesi mwanangu. Juzi amekosea mlango wa nyumba yake mwenyewe.)


Iringa, 19 Mei 2024

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Tumefika salama, Neema alilala njia nzima. Mwambie Mama ndizi hazikupondeka.

Sikukueleza tulipokuwa huko. Siku ile barua yako ilipofika nilikwenda kwa Godlove kabla hata sijapika, nikampa 85 akanipa 35 yake iliyokwaruzwa pembeni. Aliona kama nimechanganyikiwa. Nilikuwa najilaumu, Baba, na bado najilaumu. Mwaka mzima nilikuwa nachagua lenzi huku wewe unahesabu siku.

Picha zako ni hizi, Mama akueleze moja moja. Shangazi Angetile aliponifunika kitenge pamoja na kamera, nisione chochote ila kijidirisha, ndipo nilipokuona. Una masikio ya Neema. Nilikawia kubonyeza kwa sababu nilikuwa nalia mle ndani, na Shangazi akauliza kama kamera imeharibika.

Halafu zamu yako. Nilisimama kando ya mikeka ya kakao, macho chini kama nilivyoagizwa. Nikasikia fimbo yako ikija mpaka kwenye kamera niliyoiacha kwenye stendi, kisha Shangazi akikufunika nawe kitenge. Nikafunga mdomo kama ninavyofanya kwenye picha zote. Ndipo Shangazi akasema, "Mwaka ule mzee alikimbilia migombani na koti lake. Leo mzee amesimama, mkamwana ndiye anataka kukimbia." Nikacheka, ukabonyeza. Mara moja tu, halafu ukaondoka.

Hiyo picha nimeisafisha kubwa. Uso wangu uko katikati kabisa ya fremu, Baba. Juu yake ni bati la jiko na mbingu tupu. Godlove alitaka kuikata ili ikae vizuri, nikamtoa mkono. Iko sebuleni, wageni wote wanaiona.

Pale sikuthubutu kukuuliza, na sasa nauliza. Uliniona?

Mkamwana wako,
Prisca


Kyela, 8 Juni 2024

Mama Neema,

Marahaba. Naandika mwenyewe, Mama ameshika karatasi isihame. Mistari itapanda, nawe uifuate hivyo hivyo.

Nilikuona. Ulikuwa mdogo na mzima, kuanzia kilemba mpaka kandambili, na mikeka ya kakao yote. Kisha ukacheka.

Miaka kumi, na hakuna hata mmoja katika nyumba hii aliyewahi kuniambia kwamba una mwanya. Nimewauliza wote. Wanasema walidhani najua.

Baba yako,
Ambilikile