Ua la Kifuani pa Bi Polissena

Venisi, wiki ya sikukuu ya Bikira wa Afya, 1746

Kaka yangu Anzolo,

Nakusalimu kwa moyo mweupe, nikiomba barua hii ikukute huko Korfu ukiwa mzima wa mwili, na ile homa ya kiangazi iwe imekuachia. Kifua je? Unakula vizuri? Sisi huku tunamshukuru Mungu, ingawa ukungu umetanda mpaka mtu anamgonga jirani kwanza ndipo amsalimie. Mwalimu wangu, Bibi Lugrezia, anakusalimu sana na anauliza habari za mafuta ya zeituni uliyomwahidi. Anasema amejaribu kukaangia samaki ahadi zako, wakaganda kikaangoni.

Kaka, nimepewa picha yangu ya kwanza, ya kuchora peke yangu. Mwenyewe ni Bi Polissena, mke wa mfanyabiashara wa hariri, na alitaka achorwe akiwa na kola yake mpya ya lesi. Kola hiyo ilitoka kwetu Burano kiangazi hiki, tena kwenye chumba kile kile anachoshonea Mama. Ua kubwa la kifuani ni kazi ya mkono wake. Mama aliniambia mwenyewe, kwa majivuno.

Wewe umezoea kuchonga milingoti, hujui vituko vya chaki zetu. Ni unga wa rangi ulioshikanishwa kwa gundi kidogo sana, hata ukikohoa karibu yake unahama. Hatutumii mafuta wala brashi. Mara nyingi ni kidole tu na karatasi ya buluu. Uso wa Bi Polissena ulinijia kwa urahisi. Lesi ndiyo iliyonitoa jasho. Nilianza kuchora uzi mmoja mmoja, na jioni Bibi Lugrezia alipopita akasimama, akashika kiuno. "Mwanangu, umemvika mke wa watu wavu wa mikunga! Ukimtosa baharini si atarudi na kitoweo?"

Alipomaliza kucheka alinieleza kwamba lesi ni matundu, uzi ni mpaka wake tu. Kwa hiyo nipake kwanza kilicho nyuma yake, yaani ngozi na kivuli cha gauni, kisha nipitishe ubavu wa chaki nyeupe kwa wepesi kama mtu anayempangusa mtoto machozi. Mkazo niuweke pale tu mwanga unapoangukia. Nikafanya hivyo, nikarudi nyuma, nywele zikanisimama. Lesi ilikuwa pale, kaka! Nikisogea karibu naona vumbi jeupe tu. Nikirudi nyuma naiona inapanda na kushuka na pumzi za Bi Polissena. Nilikaa sakafuni nikaitazama mpaka chakula kikapoa.

Bi Polissena alikuwa ameniachia kola yenyewe, nami nililichunguza lile ua kwa kioo cha kukuzia. Petali imo ndani ya petali, na kila mshono ni mdogo kuliko punje ya mchanga. Nilitafuta kosa, sikuliona. Nikajiuliza ni jicho la namna gani lililoongoza sindano ile.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Mama alikuja mjini kwa sikukuu, alale kwangu. Alifika ameshikana mikono na Menega, jirani anayeshona naye, nami nikadhani ni kwa sababu ya ukungu. Menega alipokwenda kwa nduguze, nilimwongoza Mama chumba cha kazi nimwonyeshe picha. Ilikuwa imefunikwa kwa shuka iliyoning'inia mbele yake bila kuigusa. Nikamsimamisha mbele ya picha, nikaenda kufungua dirisha tupate mwanga. Kabla sijarudi kuifunua, nikamsikia anapiga makofi. "Eee, mwanangu! Lesi imekaa! Na ua langu limetoka vilevile!"

Kaka, alikuwa anaisifu shuka.

Naye kwa kimya changu akajua. Akatafuta kiti kwa mkono, akakaa, akaniambia polepole kwamba macho yalianza kuzima Kwaresima ya mwaka jana, na kufikia Krismasi hakuona tena hata mshumaa. Menega humtungia uzi sindanoni, na msimamizi wao hajui. Nikamuuliza, basi ua la Bi Polissena alilishonaje, nalo ni la kiangazi hiki? Akacheka. "Kwa vidole, kwa nini kingine? Vidole hivi vimelala na sindano miaka mingi kuliko nilivyolala na baba yako. Tena sindano haikoromi."

Nilipiga magoti mbele yake, nikaibusu mikono ile. Lile ua lililonishinda kulichunguza kwa kioo limetoka gizani.

Aliomba aiguse picha. Bi Polissena alikuwa anakuja kesho yake, na chaki ikiguswa imeharibika. Nilivuta shuka, nikaushika mkono wa Mama, nikauweka juu ya ua. Akapapasa, akakunja uso. "Mbona hamna kitu hapa?" Nikamwambia ni vumbi tu. Akasugua vidole, akasema, "Wewe unashona lesi kwa vumbi, mimi nashona bila macho. Padri akitusikia atatuchoma wote wawili." Tukacheka mpaka tukalia, na kulia kukawa kulia kweli.

Asubuhi nililichora ua upya. Bi Polissena alikuja, akatazama, akalalamikia pua tu.

Nimemsihi Mama ahamie kwangu, amekataa. Anasema mikono isiyo na kazi huoza. Pia alinitaka nisikuambie, usije ukaacha kazi yako kwa ajili yake. Nilimjibu kwamba nimesikia, akadhani nimeahidi. Ndiyo maana nakuomba njoo Pasaka, kaka. Menega anakusalimu, na majirani wote wa Burano.

Ukifika, Mama atatangulia mlangoni, atakukamata mashavu, atakuambia umekonda na jua limekuunguza. Hata kama umenenepa kama padri wa parokia, mjibu: ndiyo, Mama, umeona sawasawa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Orsetta