Mawe Matatu ya Ukingo wa Miiba

Gojal, Novemba

Kaka yangu mpendwa Nadir,

Ya Ali Madad. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Karachi, na kifua kimepona. Sisi tunaendelea. Mama anakula kidogo, lakini anakula. Theluji ya kwanza imeshaangukia Ukingo wa Miiba, na miamba yake yote iliyochongoka ni myeupe upande mmoja.

Barua yako nilimsomea mama. Unasema baba mdogo Daulat asikanyage arusini kwako, kwa kuwa ndiye aliyemuua baba. Kijiji chote kinasema hivyo hivyo. Kazi ya kuweka alama za njia kule miambani, aliyoifanya kila kiangazi tangu ujana wake, wamempa Sarfaroz. Juzi mferejini bibi Gulshad alimwuliza mbele ya watu kama siku alipoweka alama ile alikuwa amefumba macho au amefumba akili. Watu wakacheka. Baba mdogo akajaza ndoo yake, akamjibu kwamba vyote viwili, dada yangu, vilikuwa na usingizi. Akaenda zake.

Unajua baba alivyokufa. Alikwenda kumtafuta yaki, yule ng'ombe wetu wa manyoya marefu, aliyepotea, ukungu ukamzingira, akaona mawe mawili bapa na la tatu limesimama juu yake. Kwetu hiyo ni ahadi kwamba hapa panapitika. Baba akapita. Nyuma ya mawe yale palikuwa na genge la kuporomoka tu.

Kaka, mawe yale niliyaweka mimi. Mwezi wa Julai nilikuwa nikichunga wanakondoo pale, nikataka kuona kama mkono wangu unaweza kazi ya baba mdogo. Yalisimama vizuri. Nikayaonea fahari, nikayaacha.

Jana nilikwenda kumwambia. Alikuwa anashona kiatu, wala hakushtuka. Alisema alijua tangu siku ya kumtafuta baba, maana jiwe la juu lilikuwa dogo, la kunyanyuliwa na mtoto, na upande ule nilichunga mimi peke yangu. Akaniambia ninyamaze, nirudi kwenye vitabu vyangu. Jina lake, alisema, limeshazeeka, litabeba lawama; langu bado halijaanza safari.

Namheshimu, ila katika hili sitamtii. Nikifunga bahasha hii nitamwambia mama, na Ijumaa baada ya sala nitasema mbele ya jamaa wote. Sikuombi unisamehe. Nakuomba umwandikie baba mdogo kabla hujaniandikia mimi, na umwite arusini kwa mkono wako mwenyewe.

Wasalimie wenzako wa chumbani. Mungu akulinde.

Mdogo wako,
Nigora