Programu Aliyoipa Jina Langu

Mpendwa Mama Agneta, naomba unisaidie kabla sijarukwa na akili, mimi ni Beldina wa Migosi, nafanya kazi kwenye ofisi ya kompyuta mjini Kisumu, na mchumba wangu Wabwire ameambia kanisa letu lote la Manyatta kwamba ameandika programu ya kupanga dawa za zahanati, akaipa jina langu, BELDINA, watu wakapiga makofi mpaka nikaona haya, na sasa kuna harambee ya kumpeleka India akasome zaidi, mama yake ameshauza ng'ombe. Kazini tuna sidii, ile diski ya kompyuta, yenye orodha ya programu zinazojulikana duniani, kila faili na namba yake ndefu inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani, tunapima faili za wateja tujue kama ni zile safi au zimeguswa na virusi, ukigeuza herufi moja tu ndani ya faili namba yote inageuka, lakini jina la nje hata ulibadilishe mara mia, namba ni ile ile. Nikapima BELDINA kwa kujivunia tu, niwaonyeshe wenzangu kwamba ni mpya. Imo kwenye sidii, Mama! Namba ni ile ile mpaka mwisho, ni kazi ya watu wa ng'ambo, ilitoka kabla Wabwire hajagusa kompyuta, hata ile salamu ya Kiingereza inayotokea ukiifungua ni yao. Nikamuuliza, akacheka, akasema namba zimefanana tu kwa bahati. Silali. Nikisema, mama yake ataaibika mbele za watu. Nikinyamaza, maskini watatoa pesa kwa jina langu. Heri nisingejua kompyuta. Nifanye nini?

Pole sana, binti yangu. Lakini wacha nikugombeze: kwa nini unabeba aibu ya mtu mwingine? Na ati bahati! Wewe mwenyewe unasema herufi moja inageuza namba yote, halafu unataka nikusaidie kumwamini?

Mwite kazini kwako, mkae mbele ya kompyuta. Mwambie aifanye hiyo programu iseme "Karibu" badala ya ile salamu ya Kiingereza. Neno moja tu. Aliyeiandika ataketi alibadilishe. Akianza kuumwa na kichwa, akisema stima ni mbaya, akikuita mwanamke asiye na heshima, umeshajibiwa. Mpe nafasi moja aende mwenyewe kwa pasta asimamishe harambee. Akikataa, nenda wewe. Ng'ombe hatarudi, na mchumba pengine pia hatarudi. Utalia sana, sitakudanganya.

Majina yenu, hata la programu, nimeyabadilisha hapa gazetini. Lakini Manyatta wakisoma watawajua tu. Kwa hivyo ondoka sasa hivi, uongee na mama yake kabla mtu hajamsomea gazeti hili.