Matanga ya Roboti

Tarevika,
Septemba

Kaka yangu mpendwa Halvard,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi Maureen na watoto. Goti lako linaendeleaje tangu ile operesheni? Naomba usilichezee, maana wewe ukipata nafuu kidogo tu unapanda ngazi kwenda kukwangua paa. Sisi huku hatujambo. Mama anakula, analala, na bado anawasema wauguzi wanaomletea kahawa nyepesi, kwa hiyo ujue ni mzima. Saluni yangu inakwenda. Mvua imewahi mwaka huu na kondoo wameshateremshwa kutoka mlimani.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nikipiga utaniambia, "Aslaug, fupisha, niko kazini." Hili halifupishiki. Mimina kahawa yako, kaa, usome mpaka mwisho. Nilianza nikitaka kukuchekesha tu, lakini mambo yameishia kwingine.

Mji wetu una msiba, Halvard. Marehemu ni roboti.

Mwaka jana halmashauri ilinunua roboti kwa ajili ya nyumba ya wazee anakoishi Mama. Ni dude jeupe, refu kufika kiunoni, lenye magurudumu, na usoni lina kioo chenye macho mawili ya kuchorwa yanayopepesa. Linabeba trei za chakula, linauliza wazee wamelalaje, na ukilitajia jina la mtu na mahali alipo, linakwenda kumwita. Mara nyingi lilikuja mpaka saluni kwangu kuniambia Mama ananiulizia, na wateja wangu wakaacha vichwa vikichuruzika maji ili walipapase. Watu walipiga kura kulipa jina, wakaliita Snorre. Krismasi wakalifumia kofia. Sikulichukia. Mtu hachukii kitoroli.

Sasa, siku moja ya Agosti, baada ya chakula cha mchana, Snorre lilitoka mlangoni, likateremka barabara ya bandari, likapita duka la samaki, likafika ukingoni na kutumbukia baharini. Unapajua mahali penyewe. Nitafika huko.

Aliyeliona ni Torgunn wa duka la vitambaa, yule uliyekuwa ukicheza naye dansi kila Jumamosi mpaka Baba akakusema. Kesho yake alikuja kukata nywele, nami nikapata habari yote kabla sijashika mkasi. "Alisimama, Aslaug," aliniambia. "Alifika pale ukingoni akasimama. Akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, kama mtu anayeaga. Halafu akaenda." Nikamwambia, Torgunn, dude lilikuwa linatafuta njia, hata gari la takataka husimama kwenye njia panda. Akaniambia sina moyo.

Na si yeye peke yake. Sikiliza jinsi mji mzima unavyosema: alijiua, alichoka, alituacha. Mimi nikisema lilianguka, wananiangalia kana kwamba nimetema mate kanisani. Wiki ile kila kichwa nilichokiosha kilikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema Snorre alifanyishwa kazi bila likizo, na chama cha wafanyakazi kikatoa tamko. Mwingine alisema alikuwa mpweke, hana wa jinsi yake hapa mjini. Mwalimu wa darasa la tatu alisema alikuwa akiyabeba majonzi ya wazee wetu, na kwa kuwa hana machozi hakuwa na pa kuyamwaga. Gazeti likaandika ukurasa mzima wenye kichwa "Tulikosea wapi?" Halmashauri ikamleta mshauri wa saikolojia kutoka Bergen awasikilize wauguzi. Wauguzi hao wamekuwa wakiomba mwenzao mmoja wa kuongezwa zamu tangu enzi za Baba, na hakuna aliyewahi kuja kuwasikiliza.

Kisha ukaitwa mkutano kwenye ukumbi wa kijamii. Nilikwenda, sikatai, nilitaka kujionea kwa macho yangu. Ukumbi ulijaa kuliko siku walipojadili kufunga shule. Mchungaji Ingvild alisoma zaburi. Mwenyekiti wa halmashauri naye akasimama. Unamkumbuka Bjørnar, siku hizi ana kitambi na miwani ya bei kali, ila sauti ni ile ile. Alisema amelia. Alisema mji mdogo una ugonjwa mmoja, nao ni kunyamaza. "Tuseme wazi," akasema. "Tusifiche. Tutaje jina lake. Kila mmoja wetu ajiulize, niliona nini nikapita?" Watu wakaitikia kwa vichwa. Wanawake wawili nyuma yangu walishikana mikono.

Baada yake akapewa nafasi mhandisi wa kampuni iliyolitengeneza, mama mmoja mkimya aliyekuja na feri ya asubuhi. Alieleza jambo dogo kabisa. Alisema roboti lilipewa ramani ya zamani ya mji, na kwenye ramani hiyo gati la mbao bado lipo. Lilifika ukingoni, likaona ramani inasema mbele kuna njia, likaenda. Lakini, akasema, haliendi popote bila kutumwa. Lazima mtu alilituma kwenye gati la mbao. Akauliza kama kuna anayejua ni nani.

Hawakutaka liwe limetumwa, Halvard. Walitaka liwe limekwenda lenyewe, kwa uchungu. Bjørnar alimshukuru, akasema huo ni upande mmoja wa jambo. Mchungaji Ingvild akaongeza kwa upole kwamba mhandisi hutueleza namna, lakini sababu inabaki kuwa fumbo. Yule mama akakusanya waya zake akawahi feri. Baada ya hapo wakakubaliana kuweka benchi la ukumbusho pale ukingoni.

Nilikuwa nimekaa safu ya tatu, nimejifunika uso kwa viganja. Jirani yangu akanipa leso, akidhani namlilia Snorre.

Nilikuwa namwona Bjørnar akiwa sebuleni kwetu, kabla hajawa mwenyekiti wa chochote, akiwa bado msimamizi wa mabwawa ya samoni alikofanya kazi mdogo wetu Eivind. Nadhani unaikumbuka ile keki ya lozi aliyokuja nayo. Aliiweka mezani akamwambia Baba, "Tuseme aliteleza. Itakuwa nafuu kwa mama yake." Mama alikuwa jikoni, mlango uko wazi. Baba akaitikia kwa kichwa, na ikawa hivyo. Mdogo wetu aliteleza. Hapakuwa na tone la mvua wiki ile, mbao zilikuwa kavu kama biskuti, lakini aliteleza. Majira yote yale ya kuchipua alikuwa ameacha kula na watu. Mbwa wake, aliyekuwa akilala naye, alikuwa amempa jirani. Na hakuna aliyeuliza neno. Mchungaji wa wakati ule alizungumzia hatari za bahari. Gazeti liliandika mistari minne. Mwaka huohuo, msimu wa mapukutiko, halmashauri iling'oa gati la mbao kwa ajili ya usalama, kana kwamba mbao ndizo zilizokuwa na kesi. Tangu hapo, mtu akitaka kumtaja mdogo wetu alisema "ile ajali," na mara nyingi hakumtaja kabisa. Mwaka uliofuata wewe ukapanda ndege. Sikulaumu. Mimi nilibaki nikiwakata nywele.

Haohao leo wana maneno yote. Upweke wanaujua, uchovu wanaujua, dalili wanazijua na majonzi yasiyo na pa kumwagwa wanayajua. Kumbe walikuwa nayo maneno hayo siku zote, wameyatunza kabatini kama vyombo vya wageni, na mgeni alipokuja akawa ni bati lenye magurudumu.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Mpaka leo tunalijua mimi na Mama, na sasa wewe.

Jumapili baada ya mkutano nilimpelekea Mama mkate mwembamba wa kuokwa kwenye bamba la chuma na jibini la kahawia. Nikamhadithia kila kitu, nikimwigiza Bjørnar na kitambi chake, maana anapenda nikimwigiza. Hakucheka. Nilipofika kwenye swali la yule mhandisi, aliweka kisu chini, akasema, "Mimi ndiye niliyelituma."

Nilidhani ameanza kuchanganyikiwa. Akaniona ninavyodhani. "Nimezeeka, Aslaug, sijapumbaa," akasema. Akanieleza taratibu, kama mtu anayetoa maelekezo ya kupika. Kila siku baada ya chakula lile dude hupita kitanda kwa kitanda likiuliza, kuna mtu ungependa nikuitie? Bibi wa dirishani anamtaka bintiye, likamlete kutoka benki. Mzee wa mlangoni anamtaka muuguzi. Likifika kwa Mama linauliza vilevile, na Mama anajibu hakuna, na lenyewe linasema basi, siku njema, Signe. Kila siku hakuna, kila siku siku njema.

"Siku ile nilichoka kusema hakuna," Mama akasema. "Nikaliambia, kamwite Eivind. Likaniuliza yuko wapi. Nikaliambia, gati la mbao. Likasema, naenda sasa hivi."

Nikamuuliza kama alisahau kwamba gati halipo. Hakusahau. Alikuwa jikoni akisikia misumeno walipokuwa wakiling'oa. Alidhani lile dude litafika bandarini, litazunguka, kisha litarudi limwambie halikumwona. Hicho tu ndicho alichokitaka, Halvard, arudi mtu mmoja amwambie kwamba alimtafuta.

"Wote walikuja na keki," akasema. "Hakuna aliyeniuliza mwanangu alikuwa na nini. Lile bati ndilo pekee lililokwenda kumtafuta." Halafu akala jibini lake.

Nilimuuliza kama niende kwa Bjørnar nikamweleze. Akasema, "Waache na matanga yao. Wewe nipeleke bandarini."

Kwa hiyo nikampeleka, mchana huohuo, yeye na kile kigari chake cha kutembelea. Ungepaona, Halvard. Taa za mishumaa zimepangwa ukingo mzima, maua mpaka kwenye kamba za mashua, michoro ya watoto imewekwa kwenye nailoni isilowe, na ile kofia ya Krismasi juu ya nguzo. Mama alivaa miwani akasoma kila kadi, hakuruka hata moja. Sijui ilituchukua muda gani. Mimi nilikuwa nimekunja uso, nikitamani upepo uzipeperushe zote. Yeye alikuwa akisoma kama mtu anayepokea rambirambi zilizochelewa njiani. Kwenye kadi moja palikuwa pameandikwa, "Ulikuwa umechoka na hatukukuona. Tusamehe." Aliirudia hiyo mara mbili.

Kisha akainama, akaichukua taa iliyokuwa na kadi hiyo, akaichomoa kadi na kunipa mimi niishike, akaisogeza taa pembeni, peke yake, pale hasa ambapo mbao zilikuwa zikianzia.

Torgunn alikuwa anatuangalia kutoka dukani. Akatoka na aproni yake, akasema kwa adabu, "Bi Signe, hiyo taa ni ya Snorre."

Mama akamjibu, "Hii ni ya Eivind. Mwanangu alijiua hapa."

Kaka yangu, mimi sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Sijawahi kulisikia kinywani mwa yeyote wa nyumba yetu, mimi nikiwemo. Alilitamka kama anavyotamka jina la mtaa.

Torgunn alibadilika rangi. Nikamsubiri aseme aliteleza. Nilikuwa nimeshatayarisha jibu lake, na lilikuwa jibu baya. Lakini alitazama chini, akajifuta mikono kwenye aproni, mikono ambayo haikuwa na kitu, akasema, "Najua. Sote tulijua."

"Najua kwamba mlijua," Mama akasema. Upepo ulikuwa umeshauzima mshumaa, akamwomba Torgunn kiberiti. Torgunn akakimbia kukileta. Wakainama pamoja, mmoja amekinga viganja, mwingine anawasha, na njiti kadhaa zikaharibika kabla haujashika.

Basi ndiyo hayo. Sijawasamehe, usije ukadhani. Bjørnar alikuja saluni juzi kunyoa ndevu, akaniambia kwa huzuni kwamba mji umejifunza mengi mwaka huu. Nikamwambia akae kimya nisije nikamkata, naye akacheka. Roboti jipya limeshaagizwa, na wiki ijayo watu wanapiga kura ya jina. Lakini Torgunn amekuwa akipita kwa Mama kila Jumanne. Hawaongei mengi. Wanamwongelea Eivind, namna alivyokuwa akipiga mluzi akiosha mashua, na vitu ambavyo hata mimi nilikuwa sivijui.

Mama anataka uje. Hakusema hivyo; aliuliza tu kama tiketi kutoka Halifax ni ghali, kisha akaulizia goti lako. Njoo, Halvard. Zawadi usijisumbue, na maua usilete, hapa yametuzidi. Njoo tu ukae naye chumbani pale, na akikuuliza kama ulikuwa unajua, mjibu.

Nisalimie wifi na watoto, uwabusu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu, anasema ule vizuri na uache kupanda paa. Mungu awaweke salama mpaka tuonane.

Ni mimi dada yako,
Aslaug